Slaidi Ikaguliwe Ikiwa Kavu: hotuba kwa mafundi na waokoaji wa mabwawa ya pwani

Mafundi wenzetu, waokoaji, na ninyi wasimamizi mnaoshika funguo na daftari: hamjambo.

Kwenye mashine nyingine kinachozunguka ni shafti, na mtu husimama pembeni. Kwenye slaidi ya maji kinachokwenda ni mtu mwenyewe, ngozi yake ikiwa wazi, na maji ndiyo grisi. Maji yakipungua, grisi imekwisha. Kiungo, pale vipande viwili vya slaidi vinapokutana, kikiinuka milimita 2, wembe umesimama njiani. Tabu ni kwamba maji hayohayo huficha kila kitu. Slaidi ikilowa hung'aa, rangi inarudi kama mpya, nyufa zinapotea, ukoko wa chokaa hauonekani. Tunachowaambia leo ni kimoja: mjue slaidi yenu ikiwa kavu, kila asubuhi, kabla ya pampu kuwashwa.

Saa 1 asubuhi kazi ya kwanza ni kufunga. Zima swichi kuu ya pampu, tia kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia kwenye bomba. Usiachwe kwa mlinzi, wala usitundikwe msumarini. Slaidi moja ya bomba, ile anayoshuka mtu bila boya, mara nyingi hutaka kati ya mita za ujazo 100 na 250 za maji kwa saa. Tuchukue 150 tu: hizo ni karibu lita 42 kila sekunde. Fundi aliyeinama na tochi katikati ya bomba hana muda wa kupiga kelele.

Shuka kutoka juu kwenda chini, njia ileile atakayopita mgeni, miguu mitupu au na viatu laini visivyo na mchanga. Kila kiungo kiwe na namba iliyoandikwa upande wa nje, kuanzia 1 juu kabisa. Pitisha kiganja juu ya kiungo kufuata njia ya mgeni, kisha valisha mkono soksi nyembamba ya nailoni na upitishe tena. Kiganja cha fundi kina sugu, hudanganya. Soksi haidanganyi: ikinasa uzi, hapo pana ncha itakayonasa mgongo wa mtoto.

Kuna jambo la mwelekeo ambalo wengi hulipuuza. Kipande cha chini kikikaa chini ya kile cha juu kwa kiasi cha unene wa kucha, mtu anapita bila kujua. Kikikaa juu yake, hata kwa milimita moja, kinakuwa kizingiti, na mtu anakikuta akiwa kwenye kasi. Ndiyo maana kiungo hakipimwi kwa kutazama tu "kama kiko sawa". Weka rula ya chuma juu yake, uone mwanga unapita upande gani.

Sasa nyufa. Uso unaouona ni jelikoti, ngozi ya takriban nusu milimita. Chini yake ndipo ilipo faiba yenyewe, nyuzi za kioo na rezini, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Ufa kwenye ngozi na ufa kwenye mfupa si kitu kimoja, na umbo la ufa hukwambia mengi. Ukiona nyota, nyufa fupi zinazotawanyika kutoka kituo kimoja, kuna kitu kiligonga, na mara nyingi kiligonga kutoka nje: ngazi iliyoegemezwa na fundi rangi, nyundo iliyoponyoka. Ukiona nyufa zinazokwenda sambamba karibu na flanji, ule ukingo wa kipande unaofungwa kwa bolti, kipande hicho kinapinda kila mgeni anapopita. Hapo usihangaike na jelikoti, kwa sababu hata ukiiziba leo itapasuka palepale baada ya wiki chache. Tafuta bolti iliyolegea, nguzo iliyoshuka au mhimili ulioliwa na kutu.

Kisha chukua sarafu. Gonga taratibu kuzunguka ufa, kila sentimita 3 hivi. Faiba nzima hujibu kwa mlio mkali, mfupi. Ukifika mahali mlio unakuwa butu, kama kugonga kadibodi, tabaka za ndani zimeachana. Zungushia penseli pale sauti inapobadilika, na mchoro huo ndio ukubwa halisi wa jeraha, ambao kwa kawaida ni mkubwa kuliko ufa wenyewe. Ufa wa ngozi hutengenezwa na fundi wa bwawa. Tabaka zilizoachana, au ufa unaoonekana pande zote mbili za bomba, hufunga slaidi hadi mtengenezaji au mtaalamu wa miundo ya faiba aseme.

Kwa ufa wa ngozi, kazi ni hii. Fungua ufa kwa ncha ya grenda ndogo hadi uwe mfereji wenye umbo la V, kwa sababu ufa uliofunikwa juu hubaki ufa. Safisha kwa asitoni, uache ukauke kabisa. Pima jelikoti kwa mizani; usikisie kwa macho. Kwa gramu 100 weka gramu 1.5 za kigandisho, na kwenye joto letu la nyuzi 30 na zaidi unaweza kushuka hadi gramu 1. Chini ya hapo haitaganda sawasawa hata ukiingoja mwezi. Juu ya gramu 2 itaganda haraka na kuwa kavu ya kuvunjika. Una dakika 10 hadi 15 za kufanya kazi, basi koroga kidogo kidogo. Vaa miwani, maana kigandisho kile kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Jelikoti ya kawaida haigandi uso wake ikiwa imeguswa na hewa, hubaki na unata, kwa hiyo bandika karatasi laini ya plastiki juu yake, au tumia ile iliyotiwa nta tangu kiwandani. Ikishaganda, msasa wa maji: namba 220 kushusha uvimbe, kisha 400, 600, 1000, halafu dawa ya kung'arisha na nta ya boti.

Kwa hapa pwani tuna bahati ya kuwa na mafundi wa boti za faiba, na wengi wao wanaijua kazi hii kuliko fundi yeyote wa bwawa. Waiteni. Ila muwaambie kwamba boti haisuguliwi na mgongo wa mtu. Umalizaji unaotosha kwenye boti, kwenye slaidi ni nusu ya kazi.

Silanti ya viungo, ule mpira wa kuziba nafasi kati ya vipande, ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa nia njema. Kiungo kinavuja, fundi anakwenda dukani, analeta silikoni ya bafuni, anaipaka juu ya ile ya zamani, jioni slaidi inafunguliwa. Baada ya siku kumi ulimi wa mpira umesimama juu ya kiungo. Tena silikoni ile huacha mafuta kwenye faiba, na baada yake hakuna kitu kitakachoshika vizuri pale, iwe silanti nyingine au jelikoti. Tumia poliyurethani au aina nyingine aliyoitaja mtengenezaji. Kata ya zamani yote, hadi chini. Kausha kwa siku nzima. Maji yaliyojificha kwenye flanji hutoka taratibu. Jaza, kisha lainisha ili iwe sawa na uso au chini yake kwa unywele, isivimbe. Halafu subiri, na hapo ndipo wasimamizi mnapowakimbiza mafundi. Silanti ya namna hii hukauka kutoka nje kwenda ndani, takriban milimita 3 kwa siku. Kiungo chenye kina cha milimita 10 kinataka siku tatu hadi nne, hata kama juu kimekauka ndani ya saa mbili.

Na kiungo kinachovuja si aibu ya maji kudondoka tu. Fuateni lile tone linaanguka wapi. Mara nyingi ni juu ya mkono wa chuma unaoshika bomba, au kwenye bamba la chini la nguzo, siku baada ya siku, maji yenye klorini. Slaidi inaweza kuwa na uso mzuri kabisa huku nguzo yake inaliwa mguuni. Gonga mguu wa nguzo kwa nyundo ndogo, kwangua rangi iliyovimba, na kama kutu inatoka kwa magamba, pima unene wa chuma kilichobaki. Zege la msingi likionyesha michirizi ya kahawia kwenye nyufa, nondo ndani zimeanza kuvimba. Kupaka chokaa juu yake ni kujidanganya.

Bolti. Tazama kichwa chake: kama ni stenlesi, kimeandikwa. A2 na A4, madaraja mawili ya stenlesi, zinafanana kwa macho, zinang'aa sawasawa, na duka nyingi zitakuuzia yoyote kwa jina la stenlesi. Kwa hewa ya chumvi na maji ya klorini, taka A4. A2 hapa pwani huanza madoa ya rangi ya chai, kisha kutu huingia chini ya kichwa, mahali usipopaona. Usichanganye bolti moja ya kawaida iliyopakwa zinki katikati ya stenlesi kwa kuwa "ndiyo iliyokuwepo": itakuwa ya kwanza kuliwa, na jirani zake watabeba mzigo wake. Tumia washa pana, maana faiba haipendi kubanwa kwenye doa dogo. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango kilicho kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa kupokezana pande. Fundi mwenye mkono mzito hupasua flanji nyingi kuliko jua. Nati za stenlesi hupenda kung'ang'ania na kukatika zikikazwa kavu, kwa hiyo zipake grisi yake, na uhakikishe kitabu kinasema mkazo ule ni wa nati kavu au iliyopakwa. Mwisho chora mstari mmoja wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye washa. Mwezi ujao huhitaji spana kujua iliyolegea, kwa sababu mstari umekatika.

Tuje kwenye maji yenyewe. Kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi, na slaidi hulizidisha tatizo kwa njia ambayo si kila mtu anaijua. Maji yakirushwa na kuvurugwa hewani hupoteza hewa ya kaboni iliyomo, na pH, kile kipimo cha ukali wa asidi ya maji, hupanda yenyewe. Bwawa la kawaida linaweza kutulia kwenye 7.4 siku nzima, lakini la slaidi asubuhi ni 7.4 na saa 9 alasiri ni 8. Kwa pH hiyo klorini inapoteza nguvu, na chokaa inaganda juu ya faiba, hasa pembeni ambapo maji hupita membamba na kukauka. Basi pima kila saa mbili slaidi zikiwa wazi, si mara moja kwa siku. Shika pH kati ya 7.2 na 7.6, klorini huru, ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Unapotia asidi, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Wala isikae chumba kimoja na klorini, maana zikikutana hutoa gesi inayoua. Hata klorini za aina mbili zisigusane: ile ya unga wa kalsiamu na ile ya vidonge vya bwawa, chota zote kwa kikombe kimoja na unaweza kuwasha moto.

Ukoko uliokwishashika ondoa kwa siki au asidi hafifu ya kusafishia boti, kwa kitambaa, halafu osha sana. Brashi ya waya na ile nyuzi ya chuma ya jikoni zisikaribie slaidi.

Pampu haina mengi, lakini machache yake ni mazito. Chujio la mbele ya pampu likijaa majani na nywele, maji hupungua bila pampu kubadilisha mlio sana. Mwokoaji wa juu ndiye anayeweza kugundua kwanza, kama amefundishwa. Chora mstari kwenye beseni la kuanzia slaidi, kimo cha maji kinapokuwa sahihi. Mstari ukionekana mkavu, hakuna mtu anayeshuka. Chora mwingine kule mwisho, mahali mtu anapopunguziwa kasi, kwa sababu pale maji ndiyo breki: yakipungua sentimita chache mgeni anafika ukingoni na kasi yake, yakizidi yanamsimamisha ghafla na kumpindua.

Na umeme ukikatika, jambo ambalo kwetu si mgeni? Mgeni aliyeko katikati ya bomba anabaki palepale, gizani, juu ya faiba inayokauka. Mwokoaji wa juu afunge lango papo hapo. Wa chini ahesabu walioshuka na walioachiwa. Sasa sikilizeni hili vizuri: jenereta inayojiwasha ni nzuri kwa taa na friji za jikoni. Pampu ya slaidi isijiwashe. Iwashwe kwa mkono, na mtu aliyekwishathibitisha kuwa bomba ni tupu. Swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, ibonyezwe kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Ikikataa kukata, bwawa zima linafungwa.

Vifuniko vya matundu ya kunyonya maji, chini ya bwawa la kutulia, lile mgeni anamoishia, vikaguliwe kila siku na mtu anayezamia. Plastiki yake huchoka kwa jua na klorini, nayo ina mwisho wa matumizi uliochapwa juu yake. Kifuniko kimeng'oka? Funga. Tundu lililo wazi hushika nywele au mwili kwa nguvu ambayo mtu mzima hawezi kuivuta.

Nta hubadilisha kasi. Ni jambo dogo linalosahaulika: mafundi wameng'arisha slaidi Jumatatu, Jumanne watoto wanaruka ukuta wa kona. Kila slaidi iwe na muda wake unaojulikana. Chukua waokoaji watatu wa uzito tofauti, kila mmoja ashuke mara tano, saa ya kupimia mkononi, uandike. Baada ya nta, baada ya kubadilisha pampu, baada ya kukaza viungo, pima tena. Slaidi iliyozoea sekunde 14 ikirudi na 12, punguza maji au isubiri. Usiifungue kwa sababu tu "inakwenda vizuri". Na kila asubuhi, baada ya ukaguzi mkavu, mwokoaji ashuke kwanza, kwa mikao yote inayoruhusiwa.

Halafu uzito. Tarehe 2 Juni 1997, kwenye bustani ya maji ya Concord, California, wanafunzi waliokuwa wakisherehekea kumaliza shule walijazana kwenye slaidi moja kwa pamoja, 33, na kipande kikakatika. Mmoja alifariki, 32 wakaumia. Rudini kwenye hesabu yetu ya lita 42. Miili ikiziba bomba kwa sekunde 10 tu, nyuma yake yanajikusanya maji yenye uzito wa zaidi ya kilo 400, kabla hujahesabu watu wenyewe. Hakuna aliyesanifu slaidi ya mtu mmoja kwa mzigo huo. Tarehe 7 Mei 2022, Kenjeran, Surabaya, Indonesia, bomba lilikatika tena, watu 16 wakaanguka kutoka kimo cha takriban mita 10. Ilielezwa wakati ule kwamba matengenezo ya mwisho yalifanyika miezi 9 nyuma. Kwa hiyo mwokoaji wa juu, yule kijana anayesema "bado, bado, haya nenda", ni sehemu ya matengenezo. Mpeni kivuli, maji ya kunywa, redio ya kuongea na wa chini, na mbadilisheni kila nusu saa. Aliyechoka na jua huachia watu wawili.

Lini tufunge kwa ukaguzi mkubwa wa mwaka? Wengi hufunga wakati wa masika kwa kuwa wageni hawaji. Kwa hesabu ya fedha ni sawa. Kwa faiba ni makosa, kwani jelikoti na silanti zinataka ukavu, na Aprili hakuna kinachokauka. Tunaona afadhali Februari, shule zimefunguliwa, kaskazi linakausha, na umati wa Krismasi umekwisha. Masika itumieni kutazama viungo vinavuja wapi.

Jambo la mwisho ni daftari. Tumeona madaftari ambayo kurasa 200 zimejaa neno "sawa". Neno hilo halimsaidii fundi wa zamu ijayo. Andika hivi: "Slaidi ya bluu. Kiungo namba 14, upande wa kushoto, silanti imeachia sentimita 6, haijainuka. Bolti ya tatu mstari umekatika. Imefungwa saa 2:40 asubuhi. Ufunguo uko kwangu." Kisha jina na sahihi.